Tunagawana Hela, Hatugawani Kalenda

 

Leo nataka nianzie chini ya kitanda. Pale Tandika, Dar es Salaam, hatua chache kutoka sokoni, yuko dada mmoja ninayemfahamu tangu enzi anatandika turubai kando ya barabara na kupanga nguo za watoto juu yake. Siku hizi ana fremu. Mwezi wa nne mwaka 2025 alinipigia simu nipite nyumbani kwake. Nilipofika hakunikaribisha hata maji, alikwenda moja kwa moja chumbani, akainua shuka lililoning'inia pembeni mwa kitanda, akaniambia, "Kaka, tazama."

Yalikuwa maboksi tisa ya kahawia, yamezungushiwa mkanda wa njano, kila moja limeandikwa alama yake ya mzigo kwa kalamu ya wino mzito. Akachana moja kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na magauni ya watoto, meupe na ya waridi, yenye lesi kifuani na utepe wa kufunga nyuma, kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni unaonusa kiwanda. Nikalishika moja, nikavuta mshono, nikageuza ndani nje. Kazi safi. Magauni yale hayakuwa na kasoro yoyote ila moja tu: yalikuwa magauni ya Idi, na Idi ilikuwa imepita mwisho wa Machi. Mzigo ulitoka bandarini katikati ya Aprili.

Sikilizeni ilivyokuwa, maana wengi wenu mtajiona humo. Dada huyu aliagiza wiki ya kwanza ya Januari 2025. Alilipa asilimia 30 ya bei kama malipo ya awali, kwa hela aliyokopa kwenye kikoba chake. Muuzaji wa Guangzhou akamwambia kwenye WeChat, siku 15 mzigo uko tayari. Yeye akapiga hesabu: siku 15 kiwandani, mwezi na kitu baharini, siku kadhaa za kutoa mzigo, mwanzoni mwa Machi nauza, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza. Hesabu nzuri, haina ubaya wowote kwa mtu anayesoma kalenda ya ukutani kwake. Lakini mwaka mpya wa Kichina ulikuwa Januari 29. Katikati ya Januari mafundi walianza kufunga mabegi na kwenda kwao mikoani. Muuzaji akanyamaza. Yeye anatuma ujumbe, anatuma sauti, anatuma hata picha ya risiti, hajibiwi. Alilia, alidhani ametapeliwa. Hakuwa ametapeliwa. Kiwanda kilifungwa, mafundi wakarudi baada ya siku ya kumi na tano ya mwezi wao, kazi ikakamilika mwisho wa Februari, na meli haina mbawa.

Sasa kilichonichoma mimi si maboksi. Kilichonichoma ni kwamba jirani yake, fremu ya tatu kutoka kwake, alikuwa anajua. Amekwenda China mara nyingi, ameishi huko miezi. Siku ile dada analipa malipo ya awali, jirani alikuwa amekaa kwenye stuli ya plastiki nje ya fremu yake, na mzigo wake mwenyewe wa Idi ulikuwa tayari uko majini. Hakusema neno.

Wasikilizaji, mwezi wa Desemba huku kwetu uswahilini una sherehe yake. Vikoba vinavunjwa. Mnajua ninachosema. Mwaka mzima akina mama, na siku hizi akina baba pia, wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Ikifika Desemba, sare ya kitenge inashonwa, pilau linapikwa, spika inafungwa uani, katibu anasoma daftari, na kila mmoja anaondoka na bahasha yake. Ni jambo zuri sana. Nimehudhuria Kijichi, nimehudhuria Boko, na kila mara natoka na furaha ya kuona watu wanavyoaminiana kwa hela. Hela tunaaminiana. Kalenda hatuaminiani.

Niwaeleze watu wengine wanaofanya biashara na China na jinsi wanavyofunga mwaka wao. Kuna watu wa nchi za Nordiki: Uswidi, Denmaki, Norwe, Ufini. Hawa si wageni kwetu. Aliyesoma Kibaha Sekondari au kutibiwa Tumbi amepita mikononi mwao, maana kile kituo cha elimu kilianzishwa kwa makubaliano ya nchi hizo na Tanganyika mwaka 1963, kikakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Basi watu hao, jumla yao hawafiki hata nusu ya sisi Watanzania, wako Shanghai na Beijing miaka mingi. IKEA ya samani ilifungua duka lake la kwanza China mwaka 1998, pale Shanghai. Magari ya Volvo yalinunuliwa na Geely, kampuni ya Kichina, mwaka 2010. Na zamani zaidi ya hapo walikuwa Guangzhou, hiyo hiyo Guangzhou yetu. Kampuni yao ya Uswidi ya biashara ya Mashariki iliundwa mwaka 1731. Moja ya meli zake, Götheborg, ilirudi kutoka Guangzhou mwaka 1745 imejaa chai, hariri na vyombo vya kaure, ikagonga mwamba na kuzama mlangoni mwa bandari ya kwao, watu wakiitazama.

Mtu asije akadhani sisi tumeingia biashara hii jana. Nendeni Kunduchi, hapo hapo wilaya ya Kinondoni, kwenye magofu. Kuna makaburi ya kale yenye nguzo, na kwenye nguzo hizo wazee walipachika bakuli na sahani za kaure, nyingine za kutoka China. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya mviringo kwenye chokaa, kama macho. Nilipitisha kidole kwenye shimo moja, ukingo wake bado laini. Aliyezikwa pale alitaka apumzike na sahani ya China kichwani pake. Biashara hii ni ya mababu zetu.

Tofauti iko kwenye mwisho wa mwaka. Waswidi na Wadenmaki walioko China wana chemba zao za biashara. Desemba 13, siku yao ya Lusia, wasichana huvaa nguo nyeupe, mmoja wao akiwa na taji la mishumaa kichwani, wanaimba, watu wanakula pamoja, na hawa wa ugenini huifuata desturi hiyo huko huko waliko. Hilo ndilo pilau lao. Ila kuna na kazi wanayoifanya. Waswidi, kwa mfano, kila mwaka hukusanya majibu ya kampuni zao zilizoko China kwenye ripoti moja: mwaka umekwendaje, kipi kimekwama, sheria gani imebadilika, mwakani mnategemea kuongeza au kupunguza. Kampuni zinazogombea mteja mmoja zinajibu maswali yale yale, na majibu yanawekwa hadharani. Hakuna anayetaja jina la kiwanda chake wala bei aliyopata. Wanachogawana ni hali ya hewa ya biashara: mvua inanyesha wapi, jua linawaka wapi.

Nasikia mmoja wenu ananijibu: wale ni kampuni kubwa, wana mawakili, sisi ni wachuuzi, ukimwambia jirani unachojua kesho anakuua sokoni. Nakuelewa. Sitaki nilisemee soko nisilolijua. Nimeona Kariakoo watu wanabandua lebo kwenye maboksi kabla hawajayashusha kwenye kirikuu, ili winga asisome jina la kiwanda. Nimeona mtu anageuza simu kifudifudi mezani muuzaji wake anapompigia. Faida yenyewe ni shilingi elfu mbili kwa gauni, na ushuru uko pale pale: bidhaa iliyokamilika ni asilimia 25, tangu Julai 2022 nyingine zimepandishwa hadi 35 katika Afrika Mashariki, na VAT ya 18 juu yake. Mtu wa namna hiyo akificha jina la kiwanda chake, mimi simlaumu hata kidogo. Ametembea kulipata. Amelala vyumba vya Xiaobei, amezunguka masoko ya Sanyuanli akiwa na begi mgongoni, wengine walikuwepo Aprili 2020 Waafrika walipotolewa kwenye nyumba walizopanga Guangzhou kwa sababu ya hofu ya korona. Jina la kiwanda ni jasho lake.

Lakini tarehe ya mwaka mpya wa Kichina si jasho la mtu. Siku ambazo meli hutumia kutoka bandari ya Nansha, kule Guangzhou, mpaka Dar es Salaam si siri ya familia. Namna ya kukagua mzigo kabla hujamaliza malipo, namna ya kujua kama bidhaa yako inahitaji cheti cha ukaguzi wa TBS kabla haijapakiwa, hayo ni maji ya kisima cha mtaa. Tunayafungia kwenye ndoo zetu, na mwenzetu anakufa kiu mlango wa pili.

Sasa mimi nafungua ndoo. Chukueni kalamu.

Mwaka 2026 mwaka mpya wa Kichina ni Februari 17, mwaka wa farasi. Msihesabu kuanzia siku hiyo. Hesabuni kurudi nyuma. Likizo rasmi ni Februari 15 mpaka 23, lakini safari za watu kwenda makwao huchukua kama siku 40, na kiwanda kidogo cha nguo au viatu huanza kupungukiwa mafundi mwisho wa Januari. Watarudi wakishamaliza sikukuu ya taa, ambayo ni Machi 3. Na si wote watakaorudi, wengine hupata kazi karibu na kwao, kwa hiyo mwezi Machi wote kiwanda kinafundisha watu wapya na kazi inakuwa na makosa. Ukiagiza Februari, usiagize kitu chenye mishono mingi.

Sasa weka kalenda yetu juu ya ile. Ramadhani inategemewa kuanza Februari 18 au 19, kwa kuandama kwa mwezi. Yaani China wanawasha fataki na sisi tunatafuta mwezi wiki hiyo hiyo. Idi itaangukia Machi 20 au 21. Pasaka ni Aprili 5. Mzigo wa Idi unatakiwa uwe dukani mwanzoni mwa Machi, maana mama wa Mbagala hanunui gauni la mtoto usiku wa kuamkia Idi, ananunua mshahara wa Februari ukitoka. Kwa meli toa mwezi hadi mwezi na nusu, toa wiki ya kukusanya mizigo kwenye ghala la agenti, toa siku za bandarini na bandari kavu. Mnaona tumefika wapi? Tumefika wiki ya kwanza ya Januari, mzigo uwe umeshatoka kiwandani. Leo ni katikati ya Desemba 2025. Aliyekuwa anasubiri sherehe ziishe ndipo aagize, tayari anaagiza ya Idi kubwa, au ajiandae kulipia ndege kwa kilo, na gauni la kilo haliachi faida.

Hiyo ndiyo kalenda. Imenichukua dakika mbili kuisema.

Mwaka huu wa 2025 ulikuwa mzito, siwezi kupita bila kulisema. Mwisho wa Oktoba, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa na mji wetu ukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Ziko nyumba katika mitaa hii hii ninayoitaja ambazo hazitakaa mezani zikiwa kamili Desemba hii, na kabla ya biashara yoyote nawapa pole. Kwa wanaoagiza mizigo, zile siku ziliacha funzo gumu pia. Biashara yote ilikuwa ndani ya simu ya mtu mmoja: picha za bidhaa, makubaliano, namba ya muuzaji, ramani ya ghala. Intaneti ilipokatika, walionusurika ni wale waliokuwa na mtu Guangzhou anayejua mzigo wao bila kuulizwa, na waliokuwa na daftari. Nilimwona mzee mmoja wa Tegeta, muuza vifaa vya umeme, ana daftari la shule la kurasa 96 ameandika kila kitu kwa mkono, tarehe, idadi, rangi, alama ya boksi, kiasi alicholipa na kilichobaki. Vijana walikuwa wanamcheka. Mwezi wa kumi na moja walikwenda kumwomba awaonyeshe anavyopanga.

Watu wa kuwa nao Guangzhou tunao. Wanafunzi wetu wako huko, wafanyabiashara wetu wako huko, siku hizi na ubalozi mdogo wa Tanzania uko mji ule, na ndege ya Air Tanzania inatua. Wanakutana kwenye misiba, wanachangiana mtu akiumwa au akikwama viza, wengine wanapika ugali chumbani na kuitana. Roho ya kikoba imevuka bahari. Ombi langu kwao ni dogo: kila Desemba mtuandikie ukurasa mmoja. Viwanda vinafunga lini, bei za meli zinaelekea wapi, utapeli gani mpya umeingia. Mkiutuma kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Tandika na Mwenge, utasambaa kwa usiku mmoja, haraka kuliko tangazo lolote.

Na hapa nyumbani, mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo 15, zikiwemo reja reja na jumla, ukiacha maduka makubwa ya supamaketi. Wengi walishangilia, kwa sababu malalamiko ya Wachina kuuza Kariakoo yalikuwa ya miaka. Mimi naiunga mkono, machinga anastahili goli lake. Ila aliyeondoka kwenye fremu hajaondoka kwenye biashara. Anajua kiwanda, anajua kalenda, na pale Ubungo, ilipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, limeshajengwa jengo kubwa la biashara na usafirishaji kwa ubia na Wachina. Tusipojua anachokijua, tutanunua kwake tena kwa mlango mwingine.

Na kuna mlango wa pili ambao tunaupita kila siku bila kuusukuma. Tangu Desemba 1, 2024, China imefuta ushuru wote wa forodha kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zenye uhusiano wa kidiplomasia nayo, zikiwemo 33 za Afrika, na sisi tumo. Ufuta wa Lindi na Mtwara wanaununua sana. Soya, parachichi, muhogo mkavu, asali, vyote hivyo vimewekewa makubaliano ya kuingia soko lao, ila kila kimoja kina masharti yake ya afya na usajili wa anayepeleka. Kule Temeke, kwenye bandari kavu za Kurasini, makontena yaliyoleta magauni yanapangwa kwa ghorofa kusubiri kurudi, mengi matupu. Mwenye duka la magauni hawezi kugeuka muuza ufuta kwa siku moja, najua. Lakini kikoba cha watu 30 kina mjomba mwenye shamba Nachingwea, kina shemeji anayefanya kazi kwa wakala wa forodha, kina mtoto aliyesoma Kichina pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hawajawahi kukaa meza moja wakaulizana.

Nirudi Tandika nimalizie. Yale magauni aliyauza kidogo kidogo, kwenye harusi, kwenye ubatizo, mengine kwa bei ya hasara, na deni la kikoba akalimaliza Septemba. Jumapili iliyopita walivunja kikoba chao uani kwa mwenyekiti, nami nilialikwa. Bahasha zilipokwisha kugawiwa na sahani za pilau zinaanza kupita, yule dada akasimama. Alikuwa na kalenda ya ukutani ya Kichina, ile yenye picha ya samaki wekundu, amepewa na agenti wake. Ameizungushia Februari 17 kwa kalamu nyekundu, na Machi 20 kwa kijani. Akaieleza kama nilivyowaeleza ninyi, ila yeye aliieleza kwa sauti inayotetemeka, na alieleza na maboksi ya chini ya kitanda, jambo ambalo wengi pale hawakuwa wanalijua.

Akasema anataka watu wa kuchangia kontena. La futi 40, lile refu, ukilipanga vizuri linameza kama mita za ujazo 68, na kila mtu abaki na kiwanda chake na bei yake, ila tarehe iwe moja na mkaguzi awe mmoja. Kimya kikapita. Kisha jirani yake wa fremu ya tatu, ambaye naye ni mwanachama, akaweka sahani yake chini. Akauliza, "Ghala la Guangzhou mzigo ufike lini?"

"Januari saba," dada akajibu. "Saba saa kumi na moja jioni ya kule."

"Saa zao ziko mbele yetu tano," jirani akasema. "Andika saa sita mchana ya huku, watu wasichanganye." Akachukua kalamu kwa katibu, akaandika jina lake la kwanza kwenye karatasi, akampitishia aliye kushoto kwake.